Kibao cha Safari

Tatizo kubwa la safari lilikuwa mkojo.

Mengine yote yalikuwa yamepata dawa. Viatu vya Bosi, mtoto wa kati, vilikuwa vimeshonwa. Kitinda, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia bila kuanguka, angefungwa mgongoni kwenye foleni na kuachiwa kwenye nyasi. Dada, kifungua mimba, mwenye miaka saba na maneno ya mtu wa arobaini, alikwisha kugawa bembea kabla hajaziona: yeye gurudumu kubwa, Bosi treni ndogo, Kitinda farasi wa mbao wanaozunguka, "lakini ashikwe sana, maana huyu akimwona farasi atataka kumng'ata." Lakini kutoka lango la kiwanda hadi bustani ya bembea ni mwendo wa asubuhi nzima, na basi lilikuwa halisimami njiani.

"Halisimami kabisa?" mama aliuliza.

"Kabisa," alisema baba, na yeye ndiye aliyekuwa dereva wa basi lenyewe. "Nimeambiwa lango mpaka lango. Wageni watakuwa kwenye gari la nyuma. Hawataki kuona watu wamechuchumaa vichakani."

"Mtoto wa miaka minne, Baba Bosi?"

"Sasa mimi ndiye niliyeumba kibofu?"

Bosi mwenyewe alikuwa chini ya meza akiamuru kijiko kiwe treni. Jina hilo alipewa alipoanza kusema, kwa sababu neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa "leta." Likamganda, likawaganda na wazazi. Kiwandani mama yake akawa Mama Bosi, na wanawake wa laini ya mashati, safu yao ya cherehani, wakapata mzaha wao: "Bosi tunayemtambua sisi ni mmoja tu, na bado anakojoa kitandani."

"Niachieni mimi," alisema Dada. "Hilo la mkojo nitalipanga."

"Utalipangaje, bibi mkubwa?"

"Nitalipanga tu, Baba. Kama kazini kwa mama."

Wazazi wakacheka. Dada hakucheka. Alikuwa na jambo zito kifuani. Kadi nyekundu ya mwaliko, yenye picha ya gurudumu, ilikuwa imekaa chini ya mto wake tangu kiwanda kilipotangaza Siku ya Familia, na darasani alikuwa amewaambia wote. Mwenzake mmoja wa dawati alimwita mwongo. Dada akamwapia mbele ya dawati zima kwamba atamletea jani la bustani ile kama ushahidi. Mtoto wa mshona mashati hana mengi ya kuapia. Aliapia hilo.

---

Ukumbi wa kiwanda kile ulikuwa na milango miwili. Wa mbele ulifunguliwa asubuhi kuwaingiza na jioni kuwatoa. Wa nyuma ulielekea uani, kwenye vyoo, na huo ulikuwa na kufuli. Ufunguo wa kufuli uliishi shingoni mwa Mnyapara, umefungwa kwa uzi wa kiatu, ukining'inia juu ya shati kama medali ya vita asivyopigana. Sababu, walisema wenye kiwanda, ni kwamba mashati yanaibwa kwa njia ya chooni. Wanawake wakauliza: tangu lini shati likashikwa na haja?

Aliyetaka kutoka alihitaji kwanza kibao. Kibao kilikuwa kipande cha mbao chekundu, upana wa kiganja, kilichotundikwa kwenye msumari karibu na meza ya Mnyapara. Kila laini ilikuwa na kimoja. Mwenzako akiwa nacho, unasubiri arudi. Akirudi, unakichukua, unasimama mlangoni, unasubiri Mnyapara aone inafaa kuinuka. Kwa hiyo wanawake wale walijifunza kutokunywa maji. Mtu mzima, mama wa watu, anaamka asubuhi anajinyima maji ili shati la mtu asiyemjua likamilike vifungo. Halafu wenye kiwanda walikuwa wakitoa tuzo ya laini isiyotoka sana.

Mwezi ule kabla ya safari, Mpiga Pasi, msichana mwenye mimba changa, alifuata utaratibu wote. Alisubiri zamu. Alichukua kibao. Akaenda mlangoni akasimama nacho mkononi. Mnyapara alikuwa amekwenda kula, na shingo yake alikwenda nayo. Wenzake walipiga kelele, waligonga mlango, mmoja alichukua mkasi wa kitambaa akajaribu kulikata komeo. Mnyapara aliporudi akijifuta mdomo, Mpiga Pasi alikuwa amelazwa juu ya maboksi na mimba haikuwepo tena. Mnyapara alimtazama, akawatazama waliomzunguka, akauliza:

"Kibao kiko wapi? Wenzake wanasubiri."

Wapo waliosahau damu ile. Wakubwa walimwagiza mfagiaji maji na sabuni, na hapo kwao likaisha. Lakini neno lile hakuna sabuni yake. Wanawake walibeba neno lile majumbani, wakalisema mezani mbele ya waume na watoto, wakarudi nalo kazini, likiwachoma kama sindano iliyovunjikia kidoleni.

Walikutana bandani, pale walipokuwa wakisubiri basi la jioni. Bibi Vifungo, mkongwe wa laini aliyeshona vifungo tangu mashine zile zikiwa mpya, alisema, "Tumeandika barua, tumejibiwa tukae tayari kwa majibu. Sasa nani ana wazo lisilo la barua?"

Mama Bosi alikuwa amesimama pembeni. Hasira ikamtangulia.

"Siku ya Familia," alisema. "Siku hiyo wanunuzi wa mashati wanakuja kutupiga picha tunavyopanda basi na watoto, tunavyocheka. Basi tusipande. Tusimame langoni, mpaka kufuli litoke mbele ya macho yetu na kibao kitoke msumarini."

Banda likachemka. "Hapo ndipo! Bila sisi watapiga picha viti!" Bibi Vifungo akainua mkono, wote wakainua mikono, wakaapa kwa jina la Mpiga Pasi. Mama Bosi naye aliinua wake. Ulipokuwa bado juu ndipo alipoikumbuka kadi nyekundu chini ya mto.

---

Alimwambia mumewe Alhamisi, jua likizama, wakiwa nje wakianua nguo.

"Umesema nini?"

"Nimesema hatupandi."

"Si hilo. Nani alitoa wazo?"

Mama Bosi akakunja suruali ndogo, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi."

Baba Bosi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu mpole, mpole wa watu wanaoendesha magari ya wengine, waliozoea kwamba kosa lolote barabarani ni lao.

"Mke wangu, mume wako ndiye dereva. Basi likibaki tupu, ataulizwa nani?"

"Hutaulizwa wewe. Basi halitakuwa limeharibika, litakuwa halina watu."

"Nitaulizwa kwa nini mke wangu ndiye anayezima basi langu! Hilo ulilifikiria? Tulikubaliana siasa haziingii humu ndani."

"Kufuli si siasa. Kufuli ni chuma."

"Na hawa?" Aliuelekeza mdomo ndani, ambako Dada alikuwa akiimba nauli za uwongo. "Utamwambia nini yule? Tangu lini ameomba kitu yule mtoto? Anavaa gauni lililokatwa kutoka shati lililokataliwa na kiwanda, haulizi. Ameomba bembea mara moja tu maishani mwake, na haikuwa hata kuomba, wao ndio waliotangaza."

"Unafikiri sijui?"

"Sijui unachojua. Ninachojua mimi ni kwamba nikiambiwa ondoa, naondoa. Nikiambiwa funga mlango, nafunga. Ndivyo tunavyokula humu."

"Mnyapara naye anasema hivyohivyo," alisema mama. "Neno kwa neno."

Baba Bosi aliinuka. Alichukua kikapu cha nguo, akaingia nacho ndani. Lilikuwa neno baya. Mama alijua ni baya alipolisema, na ubaya wake ulikuwa kwamba halikuwa la uwongo.

---

Ijumaa Mnyapara alipita kwenye laini polepole, akasimama nyuma ya cherehani ya Mama Bosi. Alikuwa na tabia ya kusimama hivyo, unamsikia pumzi kabla ya sauti.

"Mama Bosi. Nimesikia maneno."

Cherehani iliendelea.

"Mimi si mtu wa kuamini maneno. Nikasema, Mama Bosi ana watoto watatu wadogo, hawezi kuwafanyia hivyo. Nimekuwekea kiti cha mbele, nyuma tu ya mumeo. Yule mdogo atapigwa picha amepakatwa na mgeni. Inapendeza. Na mumeo naye," alishusha sauti kama mtu wa nyumbani, "kuna basi jipya linakuja, linatafutiwa dereva. Au linatafuta wa kumpunguza, sikumbuki vizuri. Wewe panda tu kesho. Ukipanda wewe, wengine watapanda."

Mguu wake uliacha kukanyaga, na Mnyapara akauona, akatabasamu, akaenda zake. Laini nzima iliuona mguu ule. Bibi Vifungo naye aliuona, akainamisha kichwa kwenye vifungo vyake.

Na ukweli usifichwe kwa kuwa yeye ni mwenzetu: njiani kurudi nyumbani Mama Bosi aliamua kupanda. Alijiambia watoto ni watoto. Alijiambia kufuli limekaa miaka, litangoja siku moja zaidi. Alijiambia kwamba Mpiga Pasi mwenyewe angekuwa na mtoto angeelewa, na hapo akaona aibu, lakini hakubadili. Alikwisha kupata na maneno ya kumwambia Bibi Vifungo: Kitinda ameamka na homa kidogo, nitapanda mara moja tu nimkalishe kivulini. Uwongo mdogo, safi, uliopigwa pasi.

Alipofika mlangoni alisikia kilio.

Chumba kilikuwa kimegeuzwa basi. Viti viwili, ndoo na kitanda vilikuwa vimepangwa mstari. Poti mpya ya plastiki, choo cha mtoto kilichonunuliwa kwa ajili ya safari, ilikuwa mlangoni mwa jikoni, na mbele yake, juu ya kigoda, alikaa Dada. Shingoni alikuwa amevaa uzi wa kiatu wenye ufunguo wa kabati. Kitinda alikuwa kitandani akitafuna kipande cha boksi la sabuni kilichopakwa rangi nyekundu. Bosi alikuwa amesimama katikati, amefinya mapaja, machozi yanamtoka.

"Dada, mkojo!"

"Kibao kiko wapi?"

"Anacho Kitinda!"

"Basi zamu ni ya Kitinda. Rudi kwenye kiti."

"Kitinda hakojoi! Anakila!"

"Utaratibu ni utaratibu. Unataka wageni wakuone?"

Bosi alijitahidi. Alijitahidi kwa mwili wote, kama mtu anayezuia mlango usisukumwe. Halafu maji yakateremka mguuni, yakaingia kwenye viatu vilivyoshonwa kwa ajili ya safari, na akasimama pale ameinamisha kichwa, Bosi aliyejua kuamuru kabla ya kujua kuita mama.

"Umenichafulia laini," alisema Dada. Akamwona mama. "Mama, usihofu, ni mazoezi tu. Jana alivunja utaratibu mapema zaidi, leo amekaa sana. Na kesho atakaa zaidi, maana nimepata dawa. Tangu asubuhi sijawapa maji."

"Hujawapa maji?"

"Hata tone. Si ndivyo unavyofanya wewe ukienda kazini?"

Mama alivua ufunguo ule shingoni mwa mtoto. Alichukua kikombe, akakijaza, akamnywesha Kitinda, akakijaza, akamnywesha Bosi, akakijaza akampa Dada, na Dada alipokunywa alikunywa bila kupumua, kwa sababu yeye pia hakuwa amejipa. Kisha mama akajaza cha nne akanywa mwenyewe, amesimama, mbele yao.

"Mama, kesho tutakwenda lakini?" aliuliza Dada, kwani mtoto husoma uso kabla ya kitabu.

"Tutakwenda langoni," alisema mama. Alitaka kusema zaidi, akakosa ujasiri. Kumkabili Mnyapara sasa aliona angeweza. Kumkabili Dada kulimshinda.

Kipande chekundu cha boksi Dada alikiokota, akakipangusa mate, akakitia mfukoni mwa gauni la kesho.

---

Jumamosi mabasi mawili yalisimama langoni yamefungwa maputo. Wageni walikuwa wamefika, watatu, na kamera na kofia. Mkurugenzi alivaa shati la kiwanda kwa mara ya kwanza tangu afahamike. Wanawake walikuja wote, wamewavalisha watoto, wamewapaka mafuta, na wakasimama upande wa pili wa barabara bila kuvuka.

"Karibuni, karibuni mabibi," Mkurugenzi aliita, akicheka kwa ajili ya kamera. "Mbona mmesimama kama wageni?"

Bibi Vifungo akatoka mbele hatua chache. "Tunaomba kufuli la mlango wa nyuma litolewe sasa, tukiliona. Na kibao kishushwe. Kikishushwa tunapanda, na nyimbo tutaimba."

Cheko la Mkurugenzi likabaki, macho yakaondoka. "Mama yangu, leo ni siku ya watoto. Mambo ya milango tutayazungumza Jumatatu."

"Jumatatu ya mwaka gani, mwanangu?"

Nyuma yake wakaguna kwa kicheko. Mama Bosi alikuwa mstari wa mbele, Kitinda mgongoni, Bosi mkono huu, Dada mkono ule, poti kwapani mwa Dada. Ng'ambo aliiona nusu ya uso wa mumewe kwenye kioo cha basi. Hakumtazama.

"Mama, twende," alisema Dada. "Tutakosa viti."

"Subiri."

"Subiri nini?"

Jua likapanda. Watoto wakaanza kulalamika, mmoja, wawili, kisha wote kama vifaranga. Ndipo Mnyapara alipofanya kile alichozaliwa nacho. Alipanda ngazi ya basi la kwanza, la Baba Bosi, akafungua fungu la maputo na chupa za soda, akaita kwa sauti tamu: "Watoto! Njooni huku ndani kuna kivuli! Mama zenu watafuata!"

Nani wa kulaumiwa? Mtoto si mwanachama. Walikatika mikononi mwa mama zao kama uzi mbovu, wakavuka barabara wakipiga kelele. Dada alikuwa wa kwanza, akimburuta Bosi kwa mkono, poti akaiacha hapo alipokuwa amesimama. Basi lilipojaa, Mnyapara akagonga ubavu wa bati mara mbili.

"Funga mlango."

Baba Bosi akafunga. Mlango ukaja kwa mlio wake wa upepo.

"Sasa ondoa. Taratibu. Wakiliona linatembea watapanda lile la pili mbio, utaona."

Injini iliunguruma. Gurudumu likazunguka kidogo. Ng'ambo ya barabara ukapigwa ukelele ambao wageni walishusha kamera zao kwa ajili yake. Wanawake wawili walikimbilia basi la pili, na mmoja akaweka mguu kwenye ngazi. Kila kitu sasa kilikuwa kimebaki kwenye unyayo wa yule mmoja. Angeinua wa pili, kiapo cha banda kingekwisha hapo.

Mama Bosi alivuka barabara mbio. Alikwenda akasimama mbele ya basi la kwanza, mtoto mgongoni, viganja viwili kwenye bati la moto. Mume na mke wakatazamana kupitia kioo.

"Sogeza tu," alisema Mnyapara. "Atapisha."

Mguu wa Baba Bosi ulikuwa juu ya klachi. Alimjua mke wake, alijua hatapisha. Alimjua na Mnyapara. Asichojua ni yeye mwenyewe atafanya nini.

"Baba, mkojo," ikasema sauti.

"Kaa chini, mtoto," alisema Mnyapara.

"Lakini ni zamu yake," Dada alisema, amesimama juu ya kiti. Akatoa mfukoni kile kipande chekundu, akampa mdogo wake, na kumnong'oneza kama mwalimu. Bosi akaja mbele kati ya viti, mapaja yamefinywa, amekishika kibao kwa mikono miwili juu ya kichwa ili kionekane.

"Baba, nina kibao."

Mnyapara akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyefurahishwa. "Ona huyu! Huyu amefunzwa! Huyu ndiye mfanyakazi tutakayemchukua kesho!"

Miaka yote ile Baba Bosi alikuwa akiwashusha wanawake langoni na kuwapokea langoni. Ukumbini hakuwahi kuingia. Kibao kwake kilikuwa hadithi ya mezani, ya kusikitikia huku unatafuta chumvi. Sasa kilikuwa mbele ya pua yake, na aliyekishika alikuwa na miaka minne, na alikuwa anaomba vizuri.

Akazima injini. Akafungua mlango.

"Nimekwambia ufungue?"

"Mtoto ana kibao," alisema Baba Bosi. "Amefuata utaratibu."

"Wewe dereva, unajua unaongea na nani?"

"Ana kibao," alirudia, kwa sauti ileile ya upole, na akachomoa ufunguo wa basi akautia mfukoni mwake.

Watoto wakamwagika. Wa kiume wakajipanga ukutani, chini ya maandishi makubwa ya jina la kiwanda, wakakojoa wote kwa pamoja mbele ya wageni na kamera. Mwanamke mwenye mguu kwenye ngazi ya basi la pili akaushusha. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alikuja akauliza kwa mkalimani kile kitu chekundu anachokishika mtoto ni nini.

"Mchezo tu wa watoto," Mkurugenzi alijibu haraka.

"Ni kweli, mchezo," alisema Bibi Vifungo. "Wametuiga sisi. Kikubwa chake kiko ndani ukutani. Tukuonyeshe?"

Mgeni akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akamtazama Mnyapara. Na Mnyapara, mbele ya watu wote, akainua uzi wa kiatu kuuvua shingoni, ukakwama sikioni, akauvuta, ukakwama tena. Hakuna aliyemsaidia.

---

Kufuli lilitoka. Liandikwe hivyo, kwa kuwa watakuja wa kusema lilitoka lenyewe, au kwamba Mkurugenzi ana moyo. Lilitolewa na wanawake waliosimama juani na dereva mmoja aliyezima injini. Mlango wa nyuma uko wazi mpaka leo, na msumari hauna kitu.

Mabasi yaliagizwa yarudi gereji siku ileile, safari ikaitwa imeahirishwa. Baba Bosi aliambiwa aache ufunguo mezani na asirudi. Mama Bosi walimwacha apumue kidogo, kisha wakasema cherehani yake inahitaji matengenezo, na iliporudi ilikuwa na mtu mwingine. Wanaopita mlango ule leo wakienda na kurudi bila kumwomba mtu, wengi hawamjui. Kwenye ukumbi wa wageni kuna picha kubwa ya siku ile, watoto na maputo. Bosi yumo pembeni, anacheka. Mikono yake imekatwa kwenye picha. Kibao chenyewe cha boksi yule mgeni alikiomba, akakitia mkobani, na nani ajuaye huko kwao anakionyesha kama nini.

Lakini hayo yalikuwa bado. Jumamosi ile, mchana, walirudi nyumbani kwa miguu wote watano. Baba alimbeba Kitinda. Mama alimshika Bosi. Dada alitangulia mbele peke yake, ameikumbatia poti mpya ambayo haikutumika, na hakugeuka.

"Dada," mama aliita.

Dada akaongeza mwendo.

"Mwanangu, nilipaswa kukwambia jana. Nilikosea."

Dada akaendelea hatua kadhaa. "Yule wa dawatini nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli."

"Atasema mimi ni mwongo."

Mama akanyoosha mkono kuipokea poti, Dada akaikumbatia zaidi.

Bosi akasimama ghafla. Alikuwa amekunywa soda ya Mnyapara, yote, na sasa ilikuwa inadai. Kando ya barabara palikuwa na majani marefu. Hakuyaendea. Alimkimbilia dada yake, akafinya mapaja, akanyoosha mkono.

Dada akautazama ule mkono. Alikuwa na hasira na mama, na baba, na basi, na kila kitu kinachoitwa kiwanda, na hasira hiyo ingekaa naye miaka.

"Sina," alisema. "Nenda tu."

Bosi hakuelewa. Mkono ukabaki pale pale.

"Hakuna kibao, Bosi. Nenda tu."

Akaenda, hatua mbili. Kisha akageuka, akawatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine, kuona ni nani atakayemrudisha.

Hakuna aliyemrudisha.